Fundi wa Makoti Yanayoficha

Fundi hakuwa na mifuko. Suruali zake alizishona mwenyewe, na zote zilikuwa nyoofu ubavuni kama shuka, bila mahali pa kutia hata tiketi ya metro. Simu ilining'inia shingoni kwa kamba. Funguo zilikuwa kiunoni, zikilia kila alipopiga hatua, na pesa alizikunja ndani ya kofia. Huyu ndiye mtu aliyeishi Brussels kwa kushona nguo za kuficha bastola.

Nilimfahamu kwa miaka kumi na moja. Chumba chake cha kazi kilikuwa Matonge, mtaa wa Wakongo, ndani ya galeri, ujia wenye maduka pande zote, kati ya saluni ya kusuka na duka la ndizi na makayabu, hivyo nguo zake zilitoka pale zikiwa na harufu ya samaki wa chumvi, na hakuna mteja aliyelalamika zaidi ya mara moja. Mlangoni aliandika "Retouches", basi. Wengi walimletea suruali za kukunja pindo. Wengine, tulio wachache, tulikuwa walinzi.

Mjini hapa bastola haibebwi na kila anayetaka. Wenye kibali ni watu wa kuhesabika, kazi yenyewe ni kukaa karibu na mkubwa fulani, na sharti la kwanza ni kwamba kitu kisionekane. Mimi nilikuja kutoka Dar es Salaam kumlinda balozi mmoja mwanamke, ambaye ofisini sote tulimwita Mheshimiwa. Siku ya tatu aliniambia kwamba akiiona bastola yangu kwenye tafrija, au mgeni wake akiiona, nitapanda ndege ya kurudi. Alisema hivyo huku akinimiminia chai. Mlinzi Mkenya wa ofisi ya jirani akanionea huruma. "Go to Matonge," akasema, "kuna fundi pale. Usimpeleke chuma, lakini. Atakufukuza."

Nilipeleka chuma. Nilikuwa mgeni, na mimi ni mtu wa kuambiwa mara mbili. Fundi alikuwa ameinamia cherehani, hajaniangalia hata usoni, akanusa.

"Uko nayo," akasema.

"Shikamoo, Mzee. Nina nini?"

"Ile mafuta yake minasikia. Bon, maman, urudishe kwanza ile kintu kwenye ilitoka, kisha ukuye tusalimiane."

Nikarudi hadi ofisini kule Schuman, nikaifungia kwenye kabati la chuma, nikaja tena. Ndipo akanisalimu vizuri, akaniuliza habari za safari, za nyumbani, za baridi, akanipa kiti. Tangu siku hiyo aliniita Tanzanie. Kiswahili changu alikiita cha redio, na nilipozungumza kwa muda mrefu alitikisa kichwa kama anayesikiliza taarifa ya habari.

Bastola halisi hakuwahi kuigusa maishani mwake. Alichokuwa nacho ni vibao vitatu, alivyovichonga kutoka kwenye miguu ya benchi la kanisa lililovunjika. Kila kibao alikitoboa katikati na kushindilia vyuma vya cherehani zilizokufa, mpaka uzito ukawa sawa na ule aliotajiwa na walinzi. Kidogo alikiita Sabuni. Cha kati alikiita Cantique, kwa sababu kilikuwa na ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Kikubwa kiliitwa Mukate. Watu wenye mabega ya kuziba mlango, waliowahi kusimama nyuma ya marais, waliingia mle na kuulizwa mbele ya akina mama waliosubiri sketi zao, "Papa, weye ni Sabuni ao Mukate?" Nao walijibu kwa sauti ya chini.

Kupimwa naye kulikuwa kazi. Mafundi wengine hukusimamisha kama nguzo. Yeye alikufunga kibao kiunoni, akakuvika koti la mfano, kisha akakuagiza uishi. Kaa kama uko mu voiture, unaendesha. Funga kamba ya kiatu. Chukua ile boksi kule juu. Beba huu mfuko wa unga wa fufu, uweke, beba tena. Yeye alikaa nyuma yako kwenye kiti kifupi, macho yakiwa sawa na kiuno chako, akitafuta mahali kitambaa kinaposema uongo.

Ni yeye aliyenifundisha jambo ambalo mkufunzi wangu wa shabaha hakuwahi kulitaja. Watu wote huogopa urefu wa mtutu, lakini mtutu huzama ndani ya suruali na hakuna anayejali. Kinachokuumbua ni mpini. Mpini ndio unaochomoza ukiinama, ndio unaosukuma koti nyuma na kuweka kipembe pale mgongoni. Punguza mpini kwa upana wa kidole kimoja, nguo inatulia. Lakini ukiupunguza, mkono unakosa mahali pa kushika, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, na kitu kidogo kinaruka mkononi kuliko kikubwa. Haya yote aliyajua kwa kuuliza tu. Alikuuliza vidole vyako vingapi hukaa pale, kama daktari anavyouliza unapata choo mara ngapi.

Msimamo wake juu ya saizi ulikuwa mmoja na hakuubadilisha kwa mtu yeyote.

"Mukate, utaiacha mu bureau," alisema. "Inachokesha, haukae nayo. Sabuni, utaisahau kama iko. Utaenda nayo ku marché, ku toilette, ku baptême ya mutoto. Cantique inakusumbua siku yote. Njo muzuri. Kintu yenye inakusumbua, unajua unaibeba."

"Lakini ndogo inajificha vizuri, Papa."

"Inajificha hata kwako."

Baada ya kushona ulikuja mtihani, nao haukuwa wa shabaha. Ulivaa koti jipya na kibao kwa wiki nzima. Ulipanda basi la septante et un, yaani sabini na moja, saa ambayo watu wamejaa. Jumapili asubuhi ulipita soko la Gare du Midi, ukijipenyeza kati ya mizeituni na mazulia. Kisha ulikwenda kwenye kanisa lake, kanisa la uamsho lililokuwa ghorofa ya pili juu ya gereji, ukacheza wakati wa sadaka na kukumbatiwa na akina mama wa kwaya. Mama wa Kivu anapokukumbatia anakukumbatia kweli, mikono inazunguka mpaka figo. Hakuna mashine ya uwanja wa ndege inayofikia hapo.

Yule Mkenya alifeli sokoni. Alipotoka kwenye msongamano wa Gare du Midi, Sabuni haikuwepo. Aliikuta mbele ya meza ya mizeituni, imelala chini, maana mwizi alikuwa ameitazama na kuona ni gogo. Mkenya alidhani amefaulu, kwa kuwa koti halikuonyesha kitu. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwizi aliona," akasema. "Tufumule koti."

Mimi nilifeli kanisani. Nilimweleza Fundi kwamba mimi ni Mwislamu, mtoto wa madrasa, na sijui nitafanya nini mle. Akanijibu kwamba Mungu ataelewa, anaohitaji yeye ni wale mamans. Nikaenda, nimejifunga mtandio, na Cantique iko kiunoni. Sadaka ya kwanza nilipita salama. Sadaka ya pili, mama mmoja mnene wa sauti ya tatu alinivuta kifuani, mkono wake ukashuka na kusimama.

"Maman, apa uko na nini?"

Nikajishika ubavu. Akanielewa vibaya. Akaita wenzake. Waliweka mikono sita juu ya ubavu wangu wakaanza kuomba kwa Kiswahili, Kifaransa na Kilingala, wakiuamuru uvimbe ule utoke. Nikasema amina. Fundi alikuwa safu ya nyuma, kofia mapajani, akitazama mshono wa bega.

Alilifumua koti lile akalishona upya, nikafeli tena. Akalifumua. Miezi miwili ilipita, Mheshimiwa akawa ananiangalia kiunoni kila nikifungua mlango wa gari, na mimi nikachoka. Ofisi ilikuwa na bastola za aina mbili za kuchagua, ya kati na ile ndogo. Nikamwambia Fundi nimeamua kuchukua ndogo, na naitaka mfukoni, mfuko wa mbele wa koti, upande wa kulia. Wanawake wenzangu watanielewa. Mwili wangu una nyonga, tafrija zina vitenge, na kiuno si mahali pa kuwekea mizigo.

Hatukuwahi kubishana kama siku hiyo.

"Poche ni ya mukono," alisema. "Mukono ikilala na ile kintu siku yote, bitazoeana. Siku moja itaitoa mbele ya weye kufikiri."

"Papa, mimi ni askari. Nimefundishwa."

"Balikufundisha kuitoa. Nani alikufundisha kuiacha?"

"Unashona au hushoni?"

Akavaa miwani. "Mi ni tailleur. Nashona. Lakini hiyo itatoka, Tanzanie."

Ilikuwa kauli nzito kuliko inavyosikika, na lazima nieleze kwa nini. Kila mlinzi aliporudi kwake, iwe kuongeza kiuno au kubadilisha zipu, kabla ya salamu, kabla ya kiti, Fundi aliuliza neno moja: "Imetoka?" Alitaka kujua kama bastola iliyofichwa na koti lake imewahi kuchomolewa mbele ya mtu. Ukisema hapana, aliitikia "Ashante", ndipo mkasalimiana. Alikuwa ameshona makoti karibu mia, na fahari yake ilikuwa moja: hata moja. Aliisema kanisani, aliisema saluni, aliwaambia hata watu waliokuja kukunja pindo. Makoti mia, hata moja. Alivumilia kazi ile kwa sababu ya maneno hayo mawili, na kila mtu aliyemzoea alijua kwamba yakivunjika, hatakuwa na jibu la kujipa.

Kuhusu Bukavu, alikotoka, alinisimulia kisa kimoja tu. Alikuwa akishonea maafisa sare. Afisa mmoja alipokuja kupimwa aliweka bastola juu ya meza, pembeni ya makasi, ili imwache huru.

"Nikakata kitambaa mubaya," alisema. "Jamais nilikuwa nimekata mubaya."

"Halafu?"

"Halafu njo niko apa."

Nilisubiri aendelee. Akaanza kutafuta uzi.

Alikuwa na mambo yasiyopatana na woga huo. Alichukia sinema za risasi, lakini alijua milimita za kila bastola mpya, akaniuliza habari zake kwa hamu ya mtu anayefuata mpira. Hakukubali kushonea mtu asiye na kibali, na aliwahi kumpima kijana wa maneno matamu kuanzia shingo mpaka kifundo cha mguu, nusu saa nzima, ndipo akamwambia kitambaa kimeisha. Vitambaa vilikuwa vimejaa mpaka dari. Siku nyingine polisi walimsimamisha metro ya Porte de Namur akiwa na vibao vyote vitatu mkobani. Walimkalisha kituoni asubuhi nzima, wakawa wapole, yeye akawaeleza mambo ya mpini. Mwezi uliofuata mmoja wao alikuja kuongezwa kiuno. Fundi akamuuliza, "Imetoka?" Polisi akafikiri kidogo, akasema hapana.

Koti langu la Sabuni lilifaulu mara ya kwanza. Wale mamans walinikumbatia, wakapapasa, hawakukuta uvimbe, wakaanguka magotini kumshukuru Mungu. Walinitaka nitoe ushuhuda. Nilitoa.

Nikabeba ile ndogo miaka minne. Fundi alisema kweli kuhusu mkono. Nilipokuwa nasubiri mlangoni mkono ulikuwa mle. Nilipochoka, nilipoona baridi, nilipozungumza na mama yangu kwenye simu, mkono ulikuwa mle, umetulia. Mheshimiwa alinisifu kwamba siku hizi nakaa kama raia.

Kisha ikaja alasiri ile ya Schuman. Mheshimiwa alikuwa ametoka kwenye mkutano, mvua inanyesha, mimi niko hatua mbili mbele nikielekea gari. Mwanamume akatoka kwenye kibanda cha basi akija kwa haraka, anaita kwa Kiswahili, "Mheshimiwa! Mheshimiwa, samahani!" Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya koti, kifuani, na haukutoka. Nilimwambia asimame, hakusimama. Nilimwambia atoe mkono, haukutoka. Sikumbuki kuichomoa. Nakumbuka tu kwamba tayari ilikuwa nje, inamtazama kifuani, na kwamba mkono wake ulipotoka ulikuwa na bahasha.

Sikupiga. Bahasha ilianguka kwenye maji. Aliinua mikono yote miwili, akabaki hivyo, mdomo wazi, mzee wa umri wa baba yangu. Nikamsukumia Mheshimiwa ndani ya gari, tukaondoka. "Umefanya kazi yako," aliniambia kabla hatujafika kwenye taa. Ofisini waliandika mistari miwili. Kesho yake niliirudisha ile ndogo nikaomba ya kati.

Sikwenda tena kwa Fundi. Angeniuliza kabla ya salamu, na mimi uongo wa kumwangalia mtu kama yeye usoni sikuuweza. Nilipata fundi mwingine nyuma ya Gare du Midi, aliyeshona kama anayefunga gunia. Nilizunguka barabara nzima ili nisipite mbele ya galeri. Niliona haya, na haya ile ilidumu miaka sita. Msusi wangu ndiye aliyekuwa akinipa habari: Fundi bado yupo, bado anasema makoti mia, hata moja. Kila nilipoisikia hiyo hata moja nilimwomba amalize kusuka upesi.

Mwaka jana msusi akaniambia galeri imefungwa upande ule, na Fundi yuko maison de repos, nyumba ya kutunzia wazee, sukari imemla macho. Nilikwenda Jumanne mchana. Nilikuwa nimeshaacha ulinzi, ninafanya kazi ya karatasi. Ndani ya tramu nilitayarisha uongo wangu kwa utulivu. Mzee kipofu, mgonjwa: angeuliza, ningesema hapana, angesema ashante. Nilijiambia kwamba huo ni wema.

Alikuwa kitandani, ameegemea mito, mdogo kuliko nilivyomwacha.

"Shikamoo, Papa."

"Redio," akasema. "Tanzanie! Karibu, kaa."

Nikakaa, nikangoja. Akauliza habari za mama yangu. Akauliza kama makayabu bado yanauzwa pale. Alilalamikia pajama walilompa, ina mfuko, ni ya nini. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita, hakuuliza. Uongo wangu ulikaa mdomoni mpaka ukapoa.

"Papa," nikasema, "ilitoka."

"Minajua."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Uliacha kukuya. Mutu hahame fundi juu ya koti yenye inamukaa."

"Lakini bado unawaambia watu hata moja."

"Nilikuwa nakungojea useme weye kwanza." Akanyoosha shuka. "Ulipiga?"

"Sikupiga. Alitoa bahasha tu, ya Mheshimiwa."

"Bon." Alipumua. "Alikuwa anavaa nini?"

Sikutegemea swali hilo. Ofisi haikuliuliza, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Lakini nilikuwa nayo yote. Koti la suti, la kijivu. Suruali kahawia, si ya suti ile. Mabega ya koti yameshuka mpaka huku, nikamgusa mkono nimwonyeshe. Mikono ya koti imefunika vidole.

"Mukono iliingia apa?" Aliuweka wake kifuani, upande wa kushoto.

"Hapo."

"Ikakaa pahali pamoja?"

"Hapana. Ilikuwa inahama ndani, juu, chini. Ndiyo maana nilidhani…"

Mkono wa Fundi ulikuwa ukitembea juu ya pajama, polepole, juu, chini, ukirudi kwenye mbavu, ukipanda tena. Aliufanya hivyo kwa muda mrefu.

"Koti ya kuomba," akasema. "Aliomba kwa mwenzake juu aonekane muzuri mbele ya Excellence. Poche ya ndani, kila fundi anaiwekaka pahali pake. Haikuwa koti yake, Tanzanie. Alikuwa anaitafuta poche."

Nilishika ukingo wa kitanda.

"Na ile barua," akasema, "ilikuwa inasema nini?"

"Sijui, Papa. Hatukuiokota."

Akageuza uso kwenye ukuta. Nikaanza kulia, kwa sauti, sikuweza kujizuia, mchana kweupe. Muuguzi aliyeleta chai akanishika bega, akaniambia kwa upole nisilie, mzee leo anaendelea vizuri.